Mahali pa Kumlaza Neema

Juzi, katika duka la vifaa vya magari pembezoni mwa Birmingham, mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aliangusha chupa ya dawa ya bluu, ile inayomiminwa kwenye vyoo vya kempavani ili kuua uvundo. Chupa ikapasuka. Harufu ikapanda, utamu wa uongo, kama mawaridi yaliyochemshwa pamoja na sabuni ya kufulia, na kabla sijajitambua nilikuwa nimekunja uso kama mtu aliyetukanwa. Msichana wa dukani aliniomba radhi, akidhani ni ile dawa iliyonikera. Sikumwambia kwamba dawa haikuwa na kosa. Pua yangu ilikuwa imemkumbuka Anko Josphat.

Anko Josphat alikuwa binamu wa baba yangu. Alifika Uingereza kabla ya jamaa wengine wote, na kule kutangulia alikuvaa kama watu wengine wanavyovaa shahada. Alikuwa na kempavani nyeupe, gari refu lenye vitanda, jiko na choo ndani, ambalo aliliegesha mbele ya nyumba yake hadi jirani hakuona tena barabara kutoka dirishani mwake. Alikuwa amelipeleka Hispania mara moja tu, lakini tangu hapo hakuna mazungumzo yaliyopita bila yeye kuketi vizuri, kupangusa midomo na kusema, "Mimi Spain naijua." Ukizungumzia shule, yeye Spain anaijua. Ukizungumzia mazishi, yeye Spain anaijua. Mke wake, ambaye alimjua kuliko sisi, hakuwahi kukubali kupanda gari lile.

Sisi tulikaa Shard End, mtaa wa Birmingham, kwenye nyumba ya halmashauri ambayo ukuta wake wa nyuma ulianza kutoka jasho mara tu majani yalipodondoka. Mdogo wangu Neema alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao chembe zake hujikunja kama mundu na kukwama ndani ya mishipa. Baridi ndiyo iliyokuwa adui yake mkubwa. Asubuhi angeamka mzima, mchana akatoka kucheza bila glavu, jioni akawa amejikunja kwenye kochi akisema mifupa yake inalia. Alisema kwa Kiingereza, kwa maana sisi watoto tulikisikia Kiswahili lakini tulijibu kwa lugha ya shuleni, ila maneno yake ndiyo hayo: mifupa inalia. Kila msimu wa baridi tulimpoteza kwa hospitali mara kadhaa. Mimi nilikuwa na miaka minane, yeye mitano, na nilikuwa nimezoea kulala na kitanda kitupu upande wa pili wa chumba.

Mwaka ule kiwanda cha vipuri alikofanya kazi Baba, karibu na Aston, kilifungwa, naye akarudi nyumbani na kiinua mgongo chake na mikono isiyojua pa kukaa. Mama alikuwa muuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Daktari wa Neema alikuwa amemwambia wazi kwamba jua haliponyi selimundu, lakini majira ya baridi yasiyo na baridi yangempunguzia mtoto mateso. Mama aliyapima maneno hayo wiki nzima. Kisha akaomba likizo isiyo na mshahara, akaenda kuongea na mwalimu mkuu, na Baba, kwa bahati mbaya yetu sote, akampigia simu Josphat.

Alikuja Jumapili baada ya ibada, akaketi kwenye kiti cha Baba, akatandaza picha za rangi juu ya meza ya jikoni kana kwamba anatugawia urithi. Zilikuwa picha za kambi za makaravani kusini mwa Hispania, mahali ambapo wazee wa Kiingereza hukimbilia baridi ikianza, kama mbayuwayu wenye pensheni. Mtu aweza kuegesha gari lake huko au kupanga karavani iliyokwisha kusimamishwa, akakaa hadi msimu ugeuke. Josphat alikuwa na sheria moja alipokuwa kwetu: pasizungumzwe Kiingereza, maana tumo katika nyumba ya Waafrika. Yeye mwenyewe aliivunja kila alipotaka kutaja aina ya tairi. Lakini Mama, kwa heshima ya shemeji, aliitii, na maneno aliyozoea kuyasema kwa Kiingereza akayatafutia Kiswahili.

Picha zilichambuliwa hadi zikabaki mbili. Moja ilikuwa ya kambi iliyo juu ya kilima, yenye nyasi za kijani, michungwa, na bwawa la kuogelea lenye umbo la figo. Ya pili ilikuwa ya kambi iliyo kando ya barabara kuu, pembeni mwa kituo cha petroli, uwanja wake wote umemwagwa saruji, bila mti hata mmoja. Josphat aliisukumia kando hii ya pili kwa ncha ya kidole. Mama akairudisha katikati ya meza.

"Shemeji," akasema, "huko kilimani, Neema akizidiwa, atalazwa wapi?"

Josphat hakuwa akisikiliza. Josphat hakuwahi kumsikiliza mwanamke mpaka mwisho wa sentensi. Alipitisha kiganja chake juu ya ile picha ya kijani, kama anayepapasa kitambaa cha bei.

"Angalia hizo nyasi, Mama Nafula. Atalala kama malkia."

Nafula ndiye mimi. Nilikuwa nimesimama karibu na jokofu na bilauri ya maziwa mkononi, na lile neno la Mama, atalazwa, lilinisahaulisha kunywa. Kwa sababu mimi neno hilo nililijua kutoka mahali pamoja tu. Babu alipofariki Bungoma, watu wazima walijaa sebuleni kwetu, simu ikizunguka kutoka sikio hadi sikio, na kila mmoja aliuliza atalazwa lini, atalazwa wapi. Mchungaji alitangaza kanisani kwamba mzee atalazwa Jumamosi. Kisha ikaja video, na nikaona maana yake kwa macho yangu: jeneza likishushwa kwa kamba kwenye udongo mwekundu, katikati ya nyasi, nyuma ya nyumba. Neema alipopelekwa hospitali ya Birmingham tulitumia neno la Kiingereza, kwa maana hospitali yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mgonjwa naye hulazwa.

Basi nikaelewa, kwa akili ya miaka minane, kwamba hatuendi Hispania kuota jua. Tunaenda kumtafutia Neema mahali. Josphat anataka kwenye nyasi. Mama, aliyekuwa amebonyeza kidole juu ya ile picha ya saruji akisema yeye anapataka hapa, hataki jambo hilo litokee kabisa, kwa sababu saruji haichimbiki. Nilimtazama Mama kwa upendo mkubwa. Tangu jioni ile nilikuwa upande wake.

Tulivuka kwa feri, tukashuka Hispania kutoka kaskazini hadi kusini ndani ya gari la Josphat, watu watano na ile harufu ya dawa ya bluu. Alikataza choo kisitumiwe kwa haja kubwa, ili asisumbuke kukisafisha, kwa hiyo tulisimama kwenye kila kituo cha petroli, na kila tuliposimama alitukumbusha kwamba yeye Spain anaijua. Alipotea njia mara nyingi. Kila alipopotea alimlaumu Baba kwa kushika ramani vibaya, na Baba, ambaye kiwandani alikuwa msimamizi wa watu, alisema, "Samahani, kaka." Nilianza kumchukia Josphat kwa zile samahani kabla sijawa na sababu nyingine.

Mama alishikilia kwamba tuone kwanza kambi ya saruji. Josphat aliingiza gari getini, hakuzima hata injini. Alisema hiyo si kambi, hiyo ni stoo ya mabati. Mimi niliomba kushuka. Nilipiga kisigino chini mara kadhaa, nikasikia jinsi palivyo pagumu, nikarudi ndani nikiwa na furaha na kuwaambia kwamba nataka tukae hapa. Wanaume wawili wakacheka. Mama hakucheka, alikuwa akitazama jengo jeupe ng'ambo ya barabara, na wala sikujali ni jengo gani.

Kule kilimani tulipokelewa na meneja, mwanamke wa Kiingereza ambaye jua lilikuwa limemkausha kama ganda la karanga. Alimtazama Mama, akamuuliza polepole, akitenganisha maneno, kama amekuja kwa ile kazi ya usafi. Baba aliinamisha kichwa. Josphat akacheka pamoja na yule meneja, tena kwa sauti, akamwambia hapana, hapana, hawa ni wageni wake. Wageni wake! Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile natamani kunawa. Kisha akamshika Baba bega, akamwonyesha bwawa, michungwa, wazee wa Kiingereza waliolala kwenye viti vyao kama soseji kwenye kikaango, na kumwambia kwamba picha za hapa zikifika kanisani, hakuna atakayesema tena kwamba yeye Baba hana kazi. Hapo ndipo uamuzi ulipofanywa. Hazikuwa nyasi, wala jua. Baba alitaka kuonekana. Walitupangia karavani ya kijani kibichi, na Josphat akaegesha kempavani yake kando yetu, akafungua turubai lake jipya la mistari, akatoa viti, akatoa hata zulia la plastiki, na jioni ile alikaa hapo kama chifu anayengoja mashauri.

Mimi nililinda nyasi. Kila mtunza bustani alipopita na koleo nilimfuata kwa macho. Neema alifikiri ni mchezo, akawa ananifuata nyuma akichechemea na kucheka.

Siku chache baadaye Baba na Mama walishuka mjini kununua chakula, wakatuacha na Josphat. Mama alikuwa amesema mtoto asiguse maji ya bwawa. Alisema kwa Kiswahili safi ili asisingizie kutoelewa. Hawakufika hata getini kabla Josphat hajamwambia Neema ajirushe, kwamba maji ya Spain hayana baridi, kwamba mama yake ana woga wa kienyeji. Maji yalikuwa ya baridi ya kukata pumzi. Najua, kwa sababu niliingia kumtoa. Tulikaa kando ya bwawa tumelowa, hatuna taulo, tukimngoja Josphat, naye alikuwa amesimama na mzee wa Kiingereza wakibishana juu ya shinikizo la upepo kwenye matairi. Nilimwita. Aliinua mkono mmoja bila kugeuka, ile ishara ya kumnyamazisha mbwa.

Mama aliporudi alimkuta Neema kitandani, midomo imepauka, miguu yake imejaa maumivu kiasi kwamba hata shuka ilikuwa mzigo. Mama hakupiga kelele. Alimfunika, akamnywesha maji, akatoka nje akamwambia Josphat awashe gari sasa hivi, hospitali iko chini kabisa, ng'ambo ya ile kambi ya saruji.

Na Josphat akaanza kukunja turubai.

Nataka msomaji alione jambo hili kama nilivyoliona mimi mlangoni. Mtoto analia ndani kwa sauti ambayo haifanani na kulia. Mtu mzima, Mkristo, mzee wa kanisa, anafungua skrubu moja moja, anapangusa vumbi kwenye mistari ya kitambaa, anakunja kwa kufuata alama za mikunjo ya kiwandani. Baba alimwambia aliache. Alijibu kwamba ni dakika moja tu, kitambaa hiki kikikunjwa vibaya kinaingia ukungu. Mtunza bustani, yule niliyemwogopa kwa sababu ya koleo lake, alikuwa akipita na pikapu yenye matawi. Alisikia kilio, akasimama, akafungua mlango bila kuulizwa. Palikuwa na nafasi ya Mama na Neema tu. Wakaondoka. Josphat alisimama na turubai mikononi, akatazama vumbi la pikapu likitua, na alipoona hahitajiki tena, akalitandaza upya.

Jua lilikuwa linazama Mama alipopiga simu. Baba alikuwa ameketi kwenye ngazi ya karavani, na mimi pembeni yake. Alisikiliza, kisha akarudia neno moja alilolisikia.

"Amelazwa."

Akafumba macho. Akasema, "Asante Mungu." Na Josphat, kutoka chini ya turubai lake, akaitikia kwamba si alisema mambo yatakuwa sawa, akauliza kama kuna mtu atakayekaanga zile nyama zilizonunuliwa mjini.

Sikulia. Kulia kungekuwa ni kushirikiana nao katika jambo fulani. Niliinuka, nikaanza kuzunguka kambi nikitafuta udongo uliochimbuliwa. Nilipita kati ya viti vya wazee wa Kiingereza, nikainua ncha za mazulia yao ya plastiki, nikachungulia nyuma ya vyoo. Niliona tuta jipya karibu na michungwa, udongo wake bado una unyevu, likiwa na urefu unaotosha. Nikaketi hapo. Nilijaribu kumwimbia Neema wimbo wa kanisani lakini maneno ya Kiswahili yalinipotea, nikaweka mkono juu ya udongo. Nilikuwa nawafikiria wanaume wawili wanaomshukuru Mungu, na nikaamua kwamba sitawahi tena kumwita yeyote kati yao kwa jina. Baba alikuja kunichukua giza likiingia. Alinipangusa mikono, akanirudisha karavanini.

Asubuhi alisema tunakwenda kumwona Neema. Nilivaa gauni langu la kanisani na viatu vyeupe, kwa kuwa ndivyo watu walivyovaa kwenye video ya Babu. Tulishuka kwa basi, tukaingia kwenye lile jengo jeupe, tukapanda ghorofani, na Baba akafungua mlango. Neema alikuwa ameketi kitandani na mrija wa dripu mkononi, analamba kifuniko cha mtindi.

Nilisimama mlangoni muda mrefu kiasi kwamba Mama alikuja kunishika.

"Baba alisema amelazwa," nikamwambia, kwa Kiswahili, kwa sababu neno hilo sikulijua kwa lugha nyingine.

"Ndiyo, amelazwa. Keshokutwa wakimruhusu tunaondoka naye."

"Kwani si kwenye udongo? Kama Babu?"

Mama alitazama gauni langu. Alitazama viatu. Akapiga magoti sakafuni, akaanza kuninyoosha kola iliyokuwa tayari imenyooka.

"Kulazwa ni kuwili, mama," akasema. "Huku ni kule kwa kuamka."

Baba alikuwa nyuma yetu. Alisikia yote, na nadhani palepale alikumbuka alivyofumba macho kwenye ngazi akimshukuru Mungu mbele yangu, kisha jinsi alivyonikuta mikono yangu imejaa udongo. Alitoka nje. Tulimwona kupitia dirishani akivuka barabara kuu bila kungoja malori, akaingia kwenye kambi ya saruji, na aliporudi alikuwa na ufunguo. Hakumpigia Josphat simu kumwomba ushauri. Hakumwomba mtu yeyote.

Tulikaa pale hadi machipuko. Palikuwa pabaya, sitapapamba. Malori yalipita usiku na mchana, harufu ya petroli iliingia hadi kwenye mkate, na majirani zetu walikuwa mafundi wa barabara na mjane mmoja Mhispania aliyefuga kuku ndani ya karavani. Lakini saruji ilinywa jua mchana kutwa na kulirudisha jioni, na Neema alikaa juu yake miguu mitupu, ikawa ndiyo dawa yake. Hakulazwa tena msimu ule. Leo ana watoto wake, na hupenda kuniambia kwamba mimi nina moyo mgumu, kwamba Anko Josphat alikuwa mjinga tu, si mtu mbaya. Anasema hivyo kwa sababu yeye alikuwa ndani akilia. Hakuliona turubai.

Josphat hakukanyaga hospitali. Alikuja tulipokwisha kuhamia, akiwa njiani kurudi Birmingham, akisema kanisa linamhitaji. Baadaye tulisikia kwamba alisimama mbele ya waumini na kushuhudia jinsi Mungu alivyomtumia kumtafutia mtoto mgonjwa mahali penye jua. Siku ile alishuka kwenye gari lake, akazungusha macho kwenye saruji yetu, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye kuku wa mjane.

"Mama Nafula," akasema, "hapa ndipo mmechagua?"

"Safari njema, shemeji," Mama akajibu, akaendelea kuanika.

Sasa, kwetu mgeni husindikizwa. Hata adui husindikizwa hadi njia panda, utamrudia kumchukia ukisharudi. Josphat alingoja. Alipanda gari akaacha mlango wazi, akaufunga, akawasha injini, akajongea polepole hadi getini, na pale akasimama, nikaona uso wake kwenye kioo cha pembeni ukimtafuta Baba. Baba alikuwa amempa mgongo. Alikuwa ameshika ndoo, anamwagilia maji saruji ambayo haikuwa na chochote cha kumea.

Neema tu ndiye aliyeinua mkono kumpungia, kwa furaha, kama anavyompungia kila mtu hadi leo. Nilimshika kifundo cha mkono, nikaushusha, nikaushikilia hapo chini mpaka gari likapotea.